Sili nne za kufungia kiungio cha katheta: ipi haifichi wala haisingizii?

Mgonjwa wa figo akimaliza kusafishwa damu jijini Nairobi hupanda matatu kurudi Kitengela au Kangemi akiwa na vichwa viwili vya katheta (mrija laini ulioingizwa kwenye mshipa mkubwa wa damu) kifuani, kimoja chekundu na kingine cha buluu, kila kimoja kimezibwa kwa kifuniko kidogo kinachokazwa kwa vidole. Wengi hapa hupata vipindi viwili kwa wiki, kwa hiyo siku tatu au nne hupita kabla nesi hajakiona kifuniko hicho tena. Kibano cha mrija kikilegea na kifuniko kikatoka, hewa inaweza kuvutwa ndani ya mshipa mkubwa, au damu ikamwagika. Hata kikifunguliwa kwa dakika moja kisha kikarudishwa, vijidudu vimeshapata njia ya mkato ya kuingia kwenye damu. Hali ni hiyo hiyo kwa mgonjwa wa saratani mwenye katheta ndefu ya mkononi, kwa anayepewa antibiotiki akiwa nyumbani, na wodini kwa mrija unaopitisha mofini.

Sili haiwezi kuushinda mkono uliokusudia kufungua. Kazi yake ni kumwonyesha nesi, bila kubahatisha, kama kiungio kilifunguliwa tangu alipokifunga. Na katika kazi hiyo inaweza kukosea kwa namna mbili. Inaweza kuficha: imefunguliwa, imerudishwa, na haionyeshi alama yoyote. Inaweza pia kusingizia: hakuna aliyeigusa, ila jasho, maji ya kuoga au mkanda wa mkoba umeiharibu, na sasa mgonjwa anahojiwa kwa kosa asilolifanya. Wabunifu wengi hupima kosa la kwanza na kulisahau la pili. Sisi tunayapa uzito ule ule, kwa sababu mgonjwa akisingiziwa mara moja huanza kuficha mengine, hata homa na baridi kali vinavyomwanza usiku.

Tunalinganisha aina nne: stika inayochanika, utepe wa kusinyaa kwa joto, pete ya kuvunjika kama ile ya chupa ya soda, na gamba la plastiki linalofumbata kiungio chote.

Kiungio chenyewe kwanza

Karibu kila kichwa cha katheta ya mshipa hutumia kiungio cha Luer. Kina mchongoko wa asilimia 6, mdomo wa upande wa kike una upana wa takriban milimita 4.3 kwa ndani, na masikio yake ya nje (vibawa vidogo ambavyo nyuzi za kifuniko hushika) hayazidi milimita 7.83. Nyuzi za kukazia ni mbili zinazokwenda sambamba, na mzunguko mmoja kamili husogeza milimita 5. Ndiyo maana nusu mzunguko hutosha kukaza, na nusu mzunguko hutosha kulegeza. Kiwango chake cha kimataifa ni ISO 80369-7, kilichotoka mwaka 2016 na kuchukua nafasi ya ISO 594.

Katika majaribio ya viungio hivi, kile cha kukaza huvutwa kwa nguvu isiyozidi nyutoni 35, na huzungushwa kinyume kwa takriban nyutoni-mita 0.02, bila kuachia. Itazame vizuri hiyo namba ya pili. Ukingoni mwa kifuniko chenye kipenyo cha milimita 8 ni nyutoni 5, yaani kama uzito wa nusu lita ya maji. Mrija unaojisokota mtu akigeuka usingizini unaweza kufika hapo. Kwa hiyo sili inayokamata kifuniko kisivutwe, lakini ikakiacha kizunguke, haijafanya kazi.

Katheta nayo ina kikomo chake. ISO 10555-1 inataka mrija wenye kipenyo cha milimita 1.85 au zaidi usikatike chini ya nyutoni 15. Ulio kati ya milimita 1.15 na 1.85, usikatike chini ya nyutoni 10. Katheta ya mkononi ya Fr 5 (Fr ni kipimo cha kipenyo, theluthi moja ya milimita) ina milimita 1.67, kwa hiyo iko kwenye kundi la nyutoni 10. Kutokana na hilo tunaweka sharti kabla ya kulinganisha chochote: sili ifunguliwe kwa kubana au kusokota vidole vyote viwili vikiwa juu ya sili yenyewe, ili nguvu zikutane na kumalizana hapo hapo. Sili inayofunguliwa kwa kuvutwa kufuata mrija hatuiiti salama, hata ikiwa nzuri kiasi gani kwa mengine. Na mkasi usikaribie katheta kamwe.

Stika inayochanika

Hii ndiyo rahisi kupata. Vinili laini, yenye unene kama wa karatasi, hukatwa mikato midogo ili ikibanduliwa itoke vipande vipande. Wachapishaji wa Nairobi wanaweza kuipiga namba mfululizo na kukuuzia kwa roli. Huzungushwa juu ya mahali kifuniko kinapokutana na kichwa cha katheta, ncha mbili zikagusana gundi kwa gundi na kuacha kibendera cha kuandikia tarehe, saa na sahihi.

Shida yake kubwa iko kwenye plastiki, na wengi hawaioni mpaka imewafika. Kichwa cha katheta mara nyingi ni plastiki ngumu ambayo gundi huishika vizuri. Kifuniko mara nyingi ni polipropilini au polithini, na gundi za kawaida haziing'ang'anii plastiki hizo. Basi upande wa kifuniko hubanduka wenyewe, mzima, bila kuchanika: mgonjwa amesingiziwa. Au mtu huubandua taratibu upande huo huo, akafungua, akaurudisha: sili imeficha. Kasoro moja inazaa makosa yote mawili.

Halafu kuna spiriti. Kiungio kinasuguliwa kwa alkoholi ya asilimia 70 kwa sekunde 15 kabla ya kutumiwa, na stika ikibandikwa kabla uso haujakauka haishiki. Baadaye, spiriti hiyo hiyo hulainisha gundi iliyokwisha kushika. Maji ya moto hufanya vivyo hivyo, na wengi wetu huoga kwa beseni la maji ya moto. Gundi inayosalia kwenye kichwa cha katheta hukusanya uchafu mahali pale pale panapotakiwa kuwa safi kuliko pote, na nesi hulazimika kuisugua kwa nguvu akitikisa katheta ndani ya mshipa.

Hata hivyo hatuitupi. Kwa zamu moja ya saa 12 wodini, kwenye mrija wa pampu ya dawa kali ambao haufunguliwi katikati ya zamu, stika yenye namba inatosha. Hapo inakaguliwa mara nyingi, mgonjwa haogi nayo, na swali ni dogo: je, nesi wa usiku amekuta namba ile ile iliyoandikwa na wa mchana?

Utepe wa kusinyaa

Hapa hatutakawia. Utepe huu husinyaa ukipashwa joto la nyuzi 70 hadi 90 au zaidi. Unafaa mezani famasini, kwenye vichupa na bomba za sindano zilizojazwa tayari. Kwenye katheta iliyo mwilini haufai. Hewa ya moto hailengi utepe peke yake: inalainisha mrija, inapasha dawa iliyoachwa ndani ya katheta, na inaweza kumchoma mgonjwa aliyelala usingizi wa dawa. Na kuutoa kunahitaji ncha kali. Mwenye kukuuzia kwa kazi ya kando ya kitanda mwambie asante, uendelee na shughuli zako.

Pete ya kuvunjika

Kila mtu anaijua kutoka kwenye chupa ya soda: kifuniko kinazunguka, madaraja membamba yanakatika, pete inabaki shingoni. Kwenye kifuniko cha katheta pete hushika chini ya masikio ya kichwa kwa vidole vidogo vya plastiki vinavyopita kwenda mbele na kukataa kurudi.

Kwenye ncha ya bomba la sindano iliyojazwa mofini famasini, hii ndiyo tunayoipenda kuliko zote. Ni ndogo, haina gundi, na ushahidi wake hauna utata, kwa maana daraja lililokatika halijiungi tena. Kwenye kichwa cha katheta mambo hubadilika, kwa sababu kiwango cha Luer kinatawala mchongoko na nyuzi, lakini hakitawali umbo la mwili nyuma ya masikio. Kila mtengenezaji ana shingo yake. Pete inayokaa vizuri kwenye katheta ya kampuni moja hucheza kwenye ya nyingine au haiingii kabisa. Hospitali zinazonunua kwa zabuni hubadilisha kampuni mara kwa mara, na ghala hubaki na maboksi ya pete zisizo na mwenyewe.

Kasoro nyingine mbili ziangaliwe. Madaraja yakiwa membamba mno hukatika wakati wa kukaza, kwa hiyo meno ya pete yawe na mteremko upande wa kukazia na ukuta wima upande wa kufungulia. Pia pete inayobaki shingoni inamkaribisha mtu achukue mkasi, na mkasi tumeshaukataa. Iwe na mkato mmoja wa kuipasua kwa ukucha.

Gamba

Gamba ni pande mbili zilizounganishwa kwa bawaba ya plastiki ile ile, zinazofumba kichwa cha katheta, kifuniko na mwanzo wa mrija. Kwa kuwa linafumbata badala ya kushika shingo, linavumilia tofauti za umbo. Kifuniko kikizuiwa kuzunguka na mbavu mbili za ndani, lile tatizo la nyutoni-mita 0.02 limekwisha. Ubunifu wake ndio mgumu zaidi, na tutauchambua kwa urefu.

Upande wa juu una kulabu mbili. Hizi haziingii moja kwa moja kwenye upande wa chini. Zinaingia kwenye ulimi ulioshikamana na upande wa chini kwa madaraja mawili. Ukisokota ulimi, madaraja hukatika na gamba hufunguka, huku ulimi ukibaki umeng'ang'aniwa na kulabu. Hakuna kipande kinachodondoka kwenye shuka. Uso wa kulabu unaoshika uwe wima au uliorudi nyuma kidogo, ili usiteleze ukisukumwa kwa kipande cha plastiki chembamba.

Urefu wa kulabu upigiwe hesabu, usikisiwe. Mkazo kwenye mzizi wake, yaani kiasi plastiki inavyonyooka, ni 1.5 mara kina cha kulabu mara unene, gawanya kwa urefu mara urefu. Kulabu yenye unene wa milimita 1, urefu wa milimita 6 na kina cha milimita 0.8 inapata 1.5 × 0.8 × 1 ÷ 36, yaani asilimia 3.3. Polipropilini inabeba hiyo bila taabu. Ukifupisha kulabu iwe milimita 4 ili gamba liwe dogo, mkazo unaruka hadi asilimia 7.5, na kulabu inaweza kubaki imepinda isishike vizuri.

Madaraja ndiyo moyo wa kazi. Polipropilini hukubali takriban nyutoni 33 kwa kila milimita ya mraba kabla ya kulegea. Daraja la milimita 0.4 kwa 0.8 lina eneo la 0.32, basi linashika karibu nyutoni 10.6; mawili, nyutoni 21. Hizo zinatosha kuhimili mkanda wa mkoba na usingizi, na ulimi ukisokotwa hukatika bila shida kwa vidole vyenye glavu zilizolowa. Ukiyanenepesha hadi 0.6 kwa 1.0 yanafika nyutoni 40 kwa pamoja, na nesi ataanza kuvuta kwa mikono miwili. Hapo katheta ndiyo itakayolipa.

Polipropilini ina tabia moja inayosumbua: hupenda kuvutika kama chingamu kabla ya kukatika, na daraja lililovutika linaweza kusukumwa likarudi mahali pake. Dawa ni mbili. Weka mkato mkali wa V katikati ya daraja ili lisipate nafasi ya kuvutika. Kisha tia ulimi rangi nzito, buluu iliyokolea kwa mfano, kwa sababu polipropilini iliyovutwa huacha alama nyeupe, na weupe huo ndio ushahidi wako hata daraja lisipokatika.

Mengine kwa ufupi. Kuta ziwe milimita 1.0 hadi 1.2. Mwanya kati ya pande mbili usizidi milimita 0.3, na uwe na ngazi ili wembe usipite moja kwa moja. Kingo zinazogusa ngozi ziviringwe kwa nusu milimita au zaidi. Gamba liwe la kupitisha mwanga, ili damu iliyorudi na rangi nyekundu au buluu ya kichwa zionekane. Sehemu ya chini iwe na vitundu viwili vya milimita 1.5 vya kutoa unyevu, kwa kuwa gamba lisilopumua hugeuka bafu la vijidudu. Kibano cha mrija kibaki nje daima: mgonjwa akizidiwa, kibano kinafungwa kwanza, sili baadaye. Maandishi yachongwe kwenye kalibu, na yawe Kiswahili: USIFUNGUE. RUDI KLINIKI.

Kuhusu kuua vijidudu, mionzi ya gama hufanya polipropilini ya kawaida iwe kavu na nyepesi kuvunjika, na madaraja hukatika yenyewe ndani ya boksi barabarani. Chagua gesi ya etilini oksidi, au polipropilini iliyotengenezwa kuhimili mionzi. Mvuke wa nyuzi 121 unawezekana, lakini gamba liingie likiwa wazi. Likifungwa kabla, kulabu zilizopindwa hulegea kwa joto na hazishiki tena. Na mashine za mvuke za Nairobi zisomwe kwa makini: tuko takriban mita 1,795 juu ya bahari, hewa yetu ina kilopaskali 83 hivi, kwa hiyo geji inayopima tofauti na hewa ya nje lazima ifike karibu 122, wakati Mombasa 104 inatosha kwa nyuzi zile zile.

Onyo kwa wanaoanza na printa ya 3D: itumieni kupima ukubwa na jinsi mkono unavyoshika, basi. Daraja lililochapwa kwa matabaka halikatiki kama lililomiminwa kwenye kalibu, hivyo namba za nguvu mtakazopata hazina maana yoyote kwa bidhaa ya mwisho. Tengenezeni kalibu ndogo ya alumini yenye nafasi moja, mmimine mia mbili, mpime hizo.

Zikiwekwa bega kwa bega

| | Stika | Utepe | Pete | Gamba |
|---|---|---|---|---|
| Kuficha | Rahisi | Vigumu | Vigumu sana | Vigumu, mwanya ukiwa mdogo |
| Kusingizia | Mara nyingi, ikilowa | Nadra | Nadra, ikienea vizuri | Nadra, madaraja yakiwa sahihi |
| Huzuia kuzunguka | Kidogo | Ndiyo | Ndiyo | Ndiyo |
| Kufungua kwa dharura | Haraka, huacha gundi | Huhitaji ncha kali | Haraka, pete hubaki | Haraka |
| Katheta za kampuni tofauti | Zote | Nyingi | Chache | Nyingi |
| Gharama ya kuanza | Ndogo | Ndogo | Kubwa, kalibu | Kubwa, kalibu |
| Muda wa kukaa | Zamu moja | Si mwilini | Mpaka itumike | Hadi siku 7 |

Siku 7 hizo hazikuokotwa. Bandeji angavu ya katheta hubadilishwa angalau kila siku 7, na gamba lisipite ziara hiyo hata likiwa zima.

Kabla ya kununua au kumimina

Jaribu makosa yote mawili. Kwa kuficha: chukua sili 30, wape watu dakika 15 kwa kila moja pamoja na vitu vya kawaida vya nyumbani, wafungue na kuzirudisha. Zichanganye na 30 ambazo hazijaguswa. Mpe nesi asiyejua, kwenye mwanga wa wodi na si wa maabara, sekunde 10 kwa kila moja. Andika ngapi zilimpita, na ngapi nzima alizitilia shaka.

Kwa kusingizia: watu wa kujitolea wavae sili 59 juu ya vichwa vya katheta vilivyobandikwa tu kifuani kwa siku 7, waoge, walale, wapande matatu zenye msongamano. Zote 59 zikirudi salama, una uhakika wa asilimia 95 kwamba angalau 95 kati ya kila 100 zitahimili. Ikiharibika moja, tafuta chanzo, rekebisha, anza upya na nyingine 59. Usiitoe kwenye hesabu kwa kisingizio kwamba aliyeivaa alikuwa mzembe. Wagonjwa nao ni watu.

Kwa kuwa gamba linagusa ngozi, plastiki ipimwe kwa ISO 10993 kuhusu sumu kwa seli, mzio na mwasho, na hatari zote ziandikwe kwa mpangilio wa ISO 14971 kabla ya kupeleka maombi kwa Bodi ya Famasia na Sumu.

Nani achukue ipi

Kituo cha kusafisha damu kichukue gamba. Mgonjwa mmoja mwenye vichwa viwili na vipindi viwili kwa wiki atatumia 208 kwa mwaka. Wa vipindi vitatu, 312. Piga hesabu ya kalibu kwa namba hizo, si kwa bei ya kipande kimoja. Famasia inayojaza mofini ichukue pete. Wodi yenye pampu ichukue stika, ibadilishwe kila zamu. Kwa mgonjwa anayerudi nyumbani na katheta ya mkononi, hasa aliyewahi kujidunga dawa za kulevya na sasa yuko kwenye tiba ya uraibu ya methadoni, gamba ndilo jibu, lakini aelezwe waziwazi kabla halijafungwa: ni la nini, litakaguliwa lini, na kwamba likivunjika atatibiwa vile vile. Akikataa, mpango ubadilishwe, asifungwe kwa hila.

Kumbuka pia kwamba sili ya kiungio haioni mrija uliotobolewa mahali pengine. Ukaguzi uanzie kwenye ngozi, ufuate mrija wote kwa vidole na macho, ndipo ufike kwenye gamba.

Bila namba, hata gamba bora huficha: mtu huvunja la zamani na kufunga jipya lililochukuliwa kwenye droo. Namba ichongwe kwa leza kwenye ulimi na kwenye pande zote mbili, iandikwe kwenye faili la mgonjwa na kwenye daftari la ghala, na magamba yafungiwe kama dawa zinavyofungiwa. Siku ya kutoa, nesi anahakikisha kibano kimefungwa, anasoma namba kwa sauti mgonjwa akisikia, anailinganisha na faili, anaangalia weupe kwenye madaraja, kisha anasokota ulimi. Gamba likitoka bila ulimi wake, ulimi unatafutwa kwenye shuka na chini ya bandeji kabla kifuniko hakijaguswa.